Wavamizi 36 ndani ya Baiti 128: Mwongozo Kamili wa Kucheza Space Invaders ya Atari 2600

Ujumbe mmoja wa SMS kwenye kiswaswadu hubeba baiti 140. Atari 2600, mashine ya gemu ya nyumbani iliyoingia madukani Marekani mwaka 1977, ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128. Yaani "Shikamoo mama, tumefika salama", ukiongeza na salamu za majirani wote, tayari umeizidi mashine nzima. Na bado mwaka 1980 mtu mmoja, Rick Maurer, aliifanya mashine hiyo ishushe wavamizi 36 kutoka angani huku wewe chini ukihangaika na mzinga mmoja nyuma ya ngao tatu.

Wengi wetu hatukuipata enzi zile. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, na gemu tulizozijua mitaani zilikuwa za kizazi kilichofuata. Kwa hiyo wengi wanaoijaribu leo huifungua, huona miraba inayotembea, hufa mara tatu ndani ya dakika mbili, kisha huifunga. Tatizo ni kwamba wanaicheza kama gemu ya simu. Hii huchezwa kwa kuujua umaskini wake. Kila ambacho mashine ilishindwa kukifanya, mchezaji anaweza kukitumia.

Kabla ya kuwasha: elewa kwa nini ni sita kwa sita

Space Invaders ya asili ilitengenezwa Japani na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, mwaka 1978, kwa ajili ya makabati makubwa ya kumbi za michezo, yale ya kutumbukiza sarafu. Ilikuwa na wavamizi 55: mistari mitano, kila mstari wavamizi 11, na ngao nne. Atari ikanunua haki ya kuipeleka majumbani. Kwenye toleo la nyumbani utakuta mistari sita ya wavamizi sita sita.

Sababu yake ni chipu iitwayo TIA, inayochora picha ya Atari 2600. Mashine za leo huchora picha nzima kwenye kumbukumbu, kisha huipeleka kwenye skrini. Atari haikuwa na pa kuiweka picha. TIA hujua mstari mmoja tu wa mwanga, ule unaochorwa kwenye televisheni sasa hivi, na programu lazima iiambie ichore nini kabla mwanga haujapita. Kwa kila mstari prosesa ina mapigo 76 tu ya kufanya kazi yote, na picha ina mistari kama 192, tena inarudiwa mara 60 kwa sekunde kwenye televisheni za Marekani. Ukichelewa, picha inavurugika.

Na vitu ambavyo TIA inajua kuchora juu ya mandhari ni vitano: "wachezaji" wawili, "makombora" mawili na "mpira" mmoja. Majina yenyewe yanakwambia mashine iliundwa kwa ajili ya nini: gemu za kupiga mpira na gemu za vifaru viwili kupigana. Hakuna aliyefikiria jeshi. Lakini waundaji walikuwa wameweka kitu kidogo pembeni: kila "mchezaji" anaweza kurudiwa mara tatu kwenye mstari huohuo bila gharama. Wawili mara tatu ni sita. Ndipo ulipotoka upana wa jeshi unalopambana nalo. Kisha mwanga ukishuka chini kidogo, programu inawachukua walewale wawili, inawabadilisha sura na kuwatumia kwa mstari unaofuata wa wavamizi. Mfikirie mama lishe mwenye sahani mbili anayelisha wateja 36: siri yake ni kuosha haraka.

Nimelieleza hili kirefu kwa sababu hatua zote zinazofuata zinatoka hapa. Jeshi jembamba la nguzo sita, yaani safu sita za wima, ni rahisi kulikata kuliko la nguzo 11, na vitu vinavyoruka angani kwa wakati mmoja ni vichache mno.

Hatua ya 1: Pata mahali pa kuichezea

Njia nyepesi ni emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani. Stella ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na kwenye simu ya Android unaweza kuipata kupitia RetroArch. Kwenye kompyuta, mishale ya kibodi ndiyo joistiki. Kufyatua ni kitufe cha Space au Ctrl ya kushoto, kutegemea toleo. F1 ni swichi ya Select na F2 ni Reset. Ila gemu yenyewe bado ina wenyewe, kwa hiyo njia safi ni kuwa na kaseti yako. Ziliuzwa kwa mamilioni, hazijaadimika. Mwaka 2023 Atari ilitoa mashine mpya, 2600+, inayopokea kaseti za zamani na kuunganishwa kwa HDMI. Kwa mtu asiyetaka kuhangaika na waya, ningemshauri hiyo.

Ukiamua kutafuta mashine ya zamani yenyewe, hasa kama ndugu anakuletea kutoka Marekani, sikiliza kwa makini. Adapta yake ya ukutani ni ya volti 120. Umeme wetu ni 230. Mimi niliichomeka ya kwangu kwa furaha kabla ya kusoma kibandiko, na harufu niliyoipata naikumbuka hadi leo. Mashine yenyewe ilipona. Inahitaji volti 9 za DC, miliampu 500, pini ya milimita 3.5 yenye chanya kwenye ncha. Fundi yeyote wa redio anaweza kukupatia adapta ya namna hiyo. Shida ya pili ni picha. Mashine ya Marekani hutoa picha ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, kupitia waya wa antena, ilhali televisheni zetu za zamani ni za PAL, mfumo mwingine. Unaweza kupata picha isiyo na rangi au inayoviringika. Tafuta mashine ya PAL iliyouzwa Ulaya, au rudi kwenye emuleta bila aibu.

Hatua ya 2: Chagua gemu kati ya 112

Bonyeza Select na utaona namba ikibadilika juu ya skrini. Zinafika 112, na watu hushtuka. Usitishike. Ni namna 16 za msingi zilizorudiwa kwa makundi saba ya wachezaji: peke yako, wawili kwa zamu, wawili kwa pamoja na kadhalika. Namba 1 hadi 16 ni za mtu mmoja.

Ndani ya hizo 16 kuna mambo manne tu yanayochanganywa. Namba shufwa, ngao hutembea. Namba 3, 4, 7 na 8, mabomu hushuka kwa kupindapinda. Kuanzia 5 hadi 8 mabomu yana kasi. Kuanzia 9 hadi 16 unarudia yaleyale nane, lakini wavamizi hawaonekani. Hujitokeza kwa muda mfupi tu unapompiga mmoja wao.

Anza na namba 1. Ukae nayo wiki nzima. Halafu ruka moja kwa moja hadi 3, kwa sababu mabomu ya kupinda yatakufundisha kukwepa kwa macho badala ya mazoea. Ngao zinazotembea, kwa maoni yangu, ni kero tu.

Kuna pia swichi ya ugumu, A na B. Kwenye B mzinga wako ni mwembamba. Kwenye A unakuwa na upana maradufu, yaani shabaha maradufu kwa adui. Hakikisha iko B. Nimewahi kumwona mtu akicheza jioni nzima kwenye A huku akilalamika kwamba gemu inamwonea. Kweli ilikuwa inamwonea.

Hatua ya 3: Jifunze uchumi wa risasi moja

Una mizinga mitatu, yaani maisha matatu, na risasi moja. Sina maana ya risasi chache. Nina maana kwamba mpaka risasi yako iguse kitu au itoke juu ya skrini, huwezi kufyatua nyingine. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu.

Risasi iliyokosa husafiri hadi juu kabisa, na muda wote huo uko mikono mitupu. Risasi iliyompiga mvamizi wa mstari wa chini hukurudishia mzinga wako karibu mara hiyohiyo. Kwa hiyo adui wa karibu ni mwepesi wa kupiga, na pia anakupa kasi ya kufyatua. Mchezaji mgeni hubonyeza kitufe mfululizo akidhani anamwaga risasi. Kumbe nusu ya mibonyezo yake haifanyi kitu, na ile inayofanya kitu imetoka wakati asioutaka.

Fanya zoezi hili: cheza raundi tatu bila kujali alama, ukijipa sharti moja, usifyatue mpaka uwe na uhakika wa kupiga. Utaona wimbi la kwanza linakwisha haraka kuliko ulipokuwa unabonyeza ovyo.

Hatua ya 4: Kata nguzo za pembeni

Jeshi linatembea upande, likigusa ukingo linashuka hatua moja na kugeuka. Kinachokuua mwishoni ni huko kushuka. Wakifika chini mchezo umekwisha hata kama bado una mizinga. Sasa fikiria: jeshi la nguzo sita lina nafasi fupi ya kutembea kabla halijagusa ukingo. Ukiiondoa nguzo ya pembeni kabisa, walio ndani lazima watembee zaidi ndipo wafike, hivyo wanashuka mara chache. Ondoa na ya upande wa pili, safari inarefuka tena.

Nguzo moja ina thamani ya alama 105, kwa sababu wavamizi wanalipa 5, 10, 15, 20, 25 na 30 kutoka chini kwenda juu. Wimbi zima ni 630. Anza na nguzo iliyo karibu nawe, ipande kutoka chini hadi juu, kisha hamia upande wa pili.

Lakini usiwe mtumwa wa mpango. Kadiri wanavyopungua ndivyo wanavyokimbia, na mdundo wa gemu nao unaharakisha. Ukiusikia unapanda, ujue bei ya kila mvamizi unayempiga. Kwenye kabati la Japani kasi hiyo ilitokana na udhaifu wa mashine: prosesa ilimsogeza mvamizi mmoja mmoja, wakipungua zamu ikawa inarudi upesi. Nishikado aliipenda ajali hiyo akaiacha. Ukishaondoa nguzo mbili za pembeni, geukia mstari wa chini. Kulifupisha jeshi kutoka chini hukupa umbali, na umbali ndio utakaouhitaji wavamizi wakibaki wanne.

Hatua ya 5: Zitumie ngao kama dirisha

Ngao tatu zinamomonywa na mabomu ya adui na pia risasi zako mwenyewe. Watu huogopa kuzitoboa. Mimi hutoboa moja makusudi, ya katikati, kijitundu chembamba, kisha nakaa chini yake. Bomu ili linipate lazima lipite kwenye tundu lilelile ninalolitazama. Mbili zilizobaki naziacha nzima kwa ajili ya kukimbilia.

Usizizoee sana. Wavamizi wakishuka hadi usawa wake, ngao zote zinatoweka, na huo ndio wakati ambao mchezaji aliyejificha muda wote hugundua hajui kukwepa. Kukwepa kwenyewe ni kwa hatua ndogo: sogea upana wa mzinga, simama. Anayekimbia kutoka ukingo hadi ukingo hukimbilia bomu ambalo halikuwa lake.

Hatua ya 6: Meli ya juu

Mara kwa mara meli kamanda inapita juu kabisa, ikiwa na sauti yake. Inalipa 200. Linganisha: mstari wote wa juu, wavamizi sita wa alama 30, ni 180. Meli moja inawashinda wote.

Wazee wa makabati wana elimu yao ya kuhesabu risasi, kwa kuwa kule malipo ya meli hubadilika, na risasi ya 23, kisha kila ya 15 baada yake, huleta 300. Huku achana nayo. Ni 200 daima, hesabu yako haibadilishi kitu. Kinachosaidia ni kuwa na nguzo tupu. Ukiwa umeshakata ile ya pembeni, una njia wazi ya kwenda juu. Simama hapo, subiri, fyatua kabla meli haijafika juu yako. Kumbuka uchumi wa risasi moja: ukikosa, umekaa bila silaha kwa muda mrefu kuliko wote, kwa hiyo usiijaribu meli wakati bomu liko njiani.

Hatua ya 7: Mvamizi wa mwisho

Hapa ndipo raundi nyingi zinapotea. Amebaki mmoja, anakimbia kama aliyeona nyoka, na wewe unamfukuza. Usimfukuze. Chagua mahali, mwache apite mara moja, mara mbili, usikie mwendo wake. Safari ya tatu fyatua pale atakapokuwa. Na panga mapema nani atabaki: mvamizi wa mwisho aliye mstari wa juu anakupa nafasi ya kukosa mara kadhaa, aliye mstari wa chini hakupi hata moja.

Baada yake linakuja wimbi jipya, na linaanza chini zaidi ya lile la kwanza. Ndiyo sababu mpango wa nguzo unaanza kubadilika kuanzia wimbi la tatu hivi: punguza muda wa kukata pembeni, shambulia mstari wa chini mapema.

Hatua ya 8: Ujanja wa risasi mbili

Kuna siri ambayo watoto wa Marekani waliambizana shuleni. Shikilia Reset huku imebonyezwa, washa umeme wa mashine, kisha achia. Sasa unaweza kuwa na risasi mbili angani kwa pamoja. Uchumi wote niliokufundisha unageuka: unafyatua moja kwa meli, unabaki na nyingine ya kujilinda. Kwenye Stella ongeza -holdreset unapoifungua kwa amri, kwa kuwa kubonyeza F2 baadaye ni kuchelewa.

Itumie kufanyia mazoezi nguzo na meli. Kwenye kushindana, kubalianeni kwanza.

Ukicheza na mwenzako

Makundi ya wawili kwa pamoja ndiyo yaliyoniteka. Mpwa wangu ana miaka tisa, na nilimpata kwa swichi za ugumu: kila mchezaji ana yake, kushoto na kulia. Yangu naiweka A, mzinga mpana kama kifaru, yake B. Haikumtosha siku ya kwanza. Siku ya tatu aliniomba tubadilishane, akisema, "Mjomba, sasa wewe ndiye unahitaji msaada."

Kuhusu rekodi

Alama zina tarakimu nne tu. Ukizidi zinarudi 0000, kwa hiyo ukikaribia piga picha ya skrini. Kwa 630 kwa wimbi unahitaji mawimbi kama 16 bila meli, na meli tatu tu zinakupunguzia karibu wimbi zima. Halafu angalia tena malipo yote niliyoyataja: 5, 10, 15, 20, 25, 30, 200. Yote yanagawanyika kwa tano, hivyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuonekana ni 9995. Mtu akikuonyesha picha ya 9999, mwulize ameitengeneza kwa programu gani.